Ndege weusi wanaovunja vioo vya darasa

SWALI: Mhariri, shuleni kwetu kuna ndege weusi wakubwa kama bata mzinga. Wanatembea wanne au watano uwanjani, na alfajiri wananguruma kama ngoma. Mwezi huu wamevunja vioo viwili vya darasa. Ni ndege gani? Wapo wanaotaka wategewe sumu.
Mwalimu, Nachingwea

JIBU: Huyo ni mumbi, Mwalimu, jamaa ya hondohondo, ila yeye riziki yake iko chini. Mtazame uso na koo: ngozi tupu, nyekundu. Jike ana doa la buluu kooni, na mwenye uso wa manjano iliyofifia bado ni mdogo. Akiruka ndipo utaona manyoya meupe ya mbawa, akizikunja yanafichika. Yule hondohondo mwenye tumbo jeupe anayelia mitini kama mtoto mchanga ni mwingine kabisa.

Vioo anavivunja kwa sababu anaona mumbi mgeni ndani yake. Kundi moja huweza kumiliki eneo la kilomita za mraba 100, na mgeni hapokelewi. Pazia la ndani halisaidii, tena linaharibu: kioo chenye giza nyuma yake huakisi zaidi. Ziba kwa nje. Paka chokaa iliyokorogwa na maji, au hata tope, kuanzia chini hadi usawa wa mita moja na nusu. Ukipenda mwanga, kaza waya wa kuku kwenye fremu ya mbao, uache nafasi ya sentimita 10 hivi. Waya ukigusa kioo, mdomo utakifikia tu.

Sumu, hapana. Katika kundi zima wanaozaa ni dume mmoja na jike mmoja, wengine ni wasaidizi wa kulea. Jike hutaga mayai mawili kwa kawaida, lakini kinda la pili hufa njaa, na linalobaki hulishwa na wakubwa kwa mwaka mmoja hadi miwili. Mkiua kundi, pengo halizibiki upesi, na nyoka, panya na nzige waliokuwa wakiliwa mtabaki nao. Kifaranga cha kuku anaweza kukidokoa, hilo kweli, wafunikeni tengani.

Anataga kwenye pango la mti mkubwa. Mnaposafisha shamba jipya la korosho, mbuyu wenye pango uacheni.