Mashindano ya barafu ya 2025 niliyoyapenda, na namna ya kuyatazama ukiwa Unguja

Hapa Unguja barafu ni ya kutia kwenye maji ya ukwaju na ya kuwekea samaki wasiharibike kabla ya kufika mnadani. Ndiyo maana nikisema mchezo ninaoufuatilia ni ule wa kuteleza kwenye barafu, watu hucheka kwanza, kuuliza baadaye. Siku hizi lakini wanaouliza wameongezeka, hasa kina dada, kwa sababu klipu zake zimejaa kwenye simu: mtu anaruka, anazunguka kama pia, anatua, basi. Na swali ni lile lile: nianzie wapi?

Usianze na klipu. Najua ndipo kila mtu anapoingilia, na wala sizichukii, lakini klipu inakupa mruko peke yake, na mruko peke yake haukawii kuchosha. Mchezo huu una siku mbili. Siku ya kwanza kila mchezaji anacheza programu fupi, dakika 2 na sekunde 40. Siku ya pili ni programu ndefu, dakika 4. Alama za siku zote mbili zinajumlishwa, mwenye nyingi ndiye bingwa. Hakuna nusu fainali wala hakuna kufutiwa deni: kosa la siku ya kwanza unakwenda nalo mpaka mwisho. Kwa hiyo chukua shindano moja, kaa nalo kuanzia programu fupi, na usijue nani kashinda mpaka uone kwa macho yako.

La kuanzia, mie nasema mashindano ya dunia ya Boston, Machi 2025, upande wa jozi, yaani mwanamme na mwanamke wanaocheza pamoja. Watu wengi huanza na wanawake au wanaume. Jozi ni rahisi zaidi kwa jicho geni, kwa sababu hatari yake unaiona bila ya kufundishwa. Mwanamke ananyanyuliwa juu kabisa ya kichwa huku mwanamme anakwenda kasi juu ya chuma chembamba. Mara anarushwa, azunguke hewani peke yake mara tatu, atue kwa mguu mmoja na aendelee kama hapakuwa na kitu.

Sasa tazama hesabu ya Boston. Siku ya kwanza Riku Miura na Ryuichi Kihara wa Japani walipata 76.57. Minerva Hase na Nikita Volodin wa Ujerumani walipata 73.59. Ukiangalia haraka utasema alama tatu si kitu. Siku ya pili Wajerumani wakacheza vizuri kuliko Wajapani, 145.49 kwa 143.22. Jumlisha: Japani 219.79, Ujerumani 219.08. Tofauti ni alama 0.71. Na ujue kwamba ukianguka mara moja unakatwa alama 1 nzima, mbali na hasara ya kile ulichokuwa unakifanya ulipoanguka. Ubingwa wa dunia umekwenda kwa kitu kidogo kuliko hicho. Aliyetazama siku ya pili peke yake ataapa kwamba Wajerumani wamedhulumiwa. Aliyetazama zote mbili anajua ushindi uliwekwa akiba lini.

Baada ya jozi nenda kwa wanawake, Boston hiyo hiyo. Alysa Liu alikuwa bingwa wa Marekani mwaka 2019 akiwa na miaka 13. Mwaka 2022, ana miaka 16, akasema basi. Akenda zake chuo kikuu, akapanda mpaka kambi ya chini ya mlima Everest, viatu akavitia kabatini. Alirudi msimu wa 2024/25, na kurudi huko si jambo dogo, maana miruko anayoimudu mtoto wa miaka 13, mwili wa miaka 19 huanza kuikataa hata kwa asiyewahi kupumzika. Boston akaongoza programu fupi, akaongoza na ndefu, akamaliza na 222.97. Kaori Sakamoto wa Japani, aliyekuwa bingwa wa dunia 2022, 2023 na 2024, akawa wa pili kwa 217.98. Marekani ilikuwa haijapata bingwa wa dunia wa wanawake tangu Kimmie Meissner mwaka 2006.

Boston ilituangukia kumi la mwisho la Ramadhani. Mwezi Machi wao wako nyuma yetu kwa saa saba, kwa hiyo saa nne usiku kwao ni saa kumi na moja alfajiri kwetu, na kila mtu anajua usiku ule ni wa kazi gani. Sikutazama moja kwa moja, na sikupungukiwa na kitu. Nilinyamazisha makundi ya WhatsApp yanayopenda kumwaga matokeo, nikayaweka mashindano yote mpaka Sikukuu pili. Tulitazama sebuleni, sahani ya visheti katikati, mtoto wa dada yangu kanilalia pajani. Liu alipoanza ile programu ndefu, na gauni la rangi ya dhahabu na muziki wa disko wa miaka ya 70, mtoto akaniuliza, "Khalati, huyu mbona anacheka? Si anashindana?"

Swali lenyewe ni ushauri tosha. Tazama nyuso. Wachezaji wengi uso umefungwa mpaka mruko wa mwisho upite, ndipo wanapumua na kutabasamu kwa ajili ya majaji. Liu alikuwa na uso ule ule kabla ya mruko na baada yake. Bi mkubwa naye, aliyekuwa akijifanya anasoma ujumbe kwenye simu, alikuwa na lake: "Na baridi yote hiyo, hawana hata mtandio?" Nikamwambia wanawake wanaruhusiwa kuvaa suruali tangu 2004, asiyetaka gauni halazimishwi. Hakuridhika, lakini hakuinuka pia.

Mtoto alitaka kujua kama watu weusi hawachezi. Wanacheza. Debi Thomas wa Marekani alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1986, na shaba aliyoipata Calgary mwaka 1988 ilimfanya mtu mweusi wa kwanza kupata medali ya Olimpiki za majira ya baridi. Surya Bonaly wa Ufaransa ndiye aliyepiga sarakasi ya kinyumenyume kwenye Olimpiki za Nagano mwaka 1998 akatua kwa mguu mmoja, wakati mtindo huo umepigwa marufuku. Marufuku yenyewe imeondolewa mwaka 2024. Huyo mtafutieni watoto wenu leo hii. Klipu hiyo naihalalisha.

Jambo moja ulijue kabla ya kutazama Boston, vinginevyo hutafahamu kwa nini ukumbi una uzito ule. Tarehe 29 Januari 2025 ndege ya abiria iligongana na helikopta ya jeshi karibu na uwanja wa ndege wa Washington, wakafa watu 67. Kati yao 28 walikuwa watu wa mchezo huu, watoto, wazazi na makocha, wakirudi kutoka kambi ya mafunzo Wichita. Miongoni mwao walikuwamo Evgenia Shishkova na Vadim Naumov, mabingwa wa dunia wa jozi wa mwaka 1994, waliokuwa wakifundisha Boston. Sie wa Visiwani, tuliozika baada ya meli ya MV Spice Islander kuzama, hatuhitaji kuelezwa mji unakuwaje miezi miwili baada ya msiba kama huo. Mashindano yakafanyika hapo hapo.

Upande wa wanaume Boston unaweza kuuacha. Ilia Malinin wa Marekani alishinda kwa 318.56 na aliyemfuata, Mikhail Shaidorov wa Kazakhstan, alikuwa na 287.47. Tofauti ya alama 31 haina roho juu. Shaidorov peke yake anastahili kutazamwa, kwa sababu ni mchezaji anayebuni mfuatano wa miruko ambao wengine hawajaufikiria.

Badala yake nenda Nagoya, Desemba 2025, fainali ya mfululizo wa mashindano uitwao Grand Prix, ambayo huchukua wachezaji sita tu walio bora katika kila upande. Programu fupi Malinin akachemka: alama 94.05, nafasi ya tatu, wakati Yuma Kagiyama wa Japani, mbele ya watu wake, ana 108.77. Alama karibu 15. Hapo ndipo pa kusimamisha video ukapika chai, ujiulize deni hilo linalipwaje. Siku ya pili akalipa. Programu ndefu msimu huo iliruhusu nafasi saba za miruko, na zote saba alizijaza miruko ya mizunguko minne, ukiwamo ule wa Axel. Axel ndio mruko pekee unaoanza mchezaji akiwa anatazama mbele, kwa hiyo una nusu mzunguko wa ziada, minne na nusu kwa jumla, na mtu wa kwanza kuufanya mashindanoni alikuwa yeye mwenyewe mwaka 2022. Alama 238.24, rekodi ya dunia ya programu ndefu. Jumla 332.29 kwa 302.41 za Kagiyama. Ukiitazama programu ndefu hiyo bila ya kuona ile fupi utasema ni kijana anajionyesha. Ukiwa umeona fupi unajua ni mtu aliyebanwa.

Na kama unataka mfano mdogo wa jambo lile lile, mashindano ya Ulaya ya Tallinn, Januari 2025: Lukas Britschgi wa Uswisi alikuwa wa nane baada ya programu fupi, akatoka bingwa. Upande wa wanawake akashinda Niina Petrõkina, mtoto wa hapo hapo Estonia. Dansi ya barafu sijaipa haki yake mwaka huo, kwa hiyo sitaisemea, ila Waingereza Lilah Fear na Lewis Gibson walipata shaba Boston, na Uingereza ilikuwa haijaona medali ya mashindano ya dunia tangu Torvill na Dean mwaka 1984.

Ukishakaa kutazama, jicho lako liweke kwenye mguu unaotua. Wengi wanatazama mzunguko wa hewani, na huko mambo ni ya haraka mno kwa macho ya binadamu. Mguu hausemi uongo. Mruko mzuri unatua kinyumenyume, kwenye ukingo wa nje wa chuma, na mchezaji anaondoka kwa kasi ile ile aliyojia, mstari wake umepinda vizuri juu ya barafu. Mruko ambao haukukamilika unatua huku chuma bado kinamalizia kuzunguka chini, unaona vumbi la barafu linaruka na kasi inakufa ghafla. Ukimwona mtu katua halafu kama kakwama kidogo, jua majaji watarudia kuangalia.

Watakavyoangalia utaona pembeni juu ya kioo. Kuna kisanduku cha alama kinachopanda kila kipengele kikifanyika, na taa ndogo: kijani ni kizuri, nyekundu ni kibaya, njano ni bado kinachunguzwa. Usishangilie kabla ya njano kuondoka. Baada ya mashindano hutolewa karatasi ya alama za kila mchezaji, kipengele kwa kipengele, na hiyo ndiyo inayomaliza ubishi. Ukiona alama ya q pembeni ya jina la mruko, amepungukiwa robo mzunguko. Kimshale kimoja, zaidi ya robo. Vimshale viwili, nusu au zaidi, na hapo mruko wa minne unahesabiwa kuwa wa mitatu. Utakuta bingwa unayempenda ana q tatu ambazo hukuziona hata moja.

Kuhusu bando: mchezo huu hautazamiki kwa picha ya ukungu, maana kila kitu kiko kwenye mguu. Ni bora kupakua kundi la mwisho peke yake kwa picha safi, mahali penye waifai ya jamaa, kuliko kutazama wachezaji wote kwa picha inayokwamakwama. Kundi la mwisho ndilo la walioongoza siku ya kwanza, huwa halizidi saa moja. Ukitaka mazoezi ya bure ya jicho, chama cha dunia cha mchezo huu, ISU, huonyesha Grand Prix ya vijana kwenye YouTube, na miruko ya watoto wa miaka 14 ni rahisi kuisoma kwa kuwa makosa yake yako wazi. Na sauti ya mtangazaji izime mara ya kwanza, acha muziki tu kama inawezekana. Watangazaji wanakwambia cha kuona kabla hujakiona.

Halafu ikaja Milano. Februari 2026 Olimpiki zilikuwa Italia, saa mbili tu nyuma yetu, kwa hiyo saa moja usiku kwao ilikuwa saa tatu usiku kwetu, hakuna kukesha. Wanaume walimaliza tarehe 13. Wanawake walimaliza tarehe 19, na Ramadhani ndio ilikuwa inaingia, saa tatu hizo watu wako kwenye tarawehe. Mie niliiweka mpaka wikiendi. Aliyekutana nami sokoni Darajani siku ya pili yake nilitaka anisalimie, asinitajie matokeo, anunue mboga zake, aende zake.