Kofia ya Chuma ya Babu: Weka Msasa Chini Kwanza

Bibi alikuwa anainyweshea kuku. Imepinduliwa uani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, imetiwa maji, tetea na vifaranga wake wameizunguka. Tangu nikiwa mdogo nimeiona hivyo na hakuna aliyeshangaa. Ni kofia ya babu ya vita vya Hitla. Babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Abisinia, ndiyo Ethiopia ya leo, mwaka 1941, akarudi na kofia hiyo, blanketi moja, na maneno machache ya Kiitaliano ambayo bibi anasema hayatamkwi mbele ya watoto.

Mwaka juzi nikaamua kuiokoa. Naandika haya kwa kuwa najua zipo nyumba Tanga, Pangani na Muheza zenye kitu cha namna hii darini au bandani, na najua mtu akikiona, kitu cha kwanza kinachomjia kichwani ni msasa.

Mimi nilinunua ule wa punje kubwa, na kopo la rangi nyeusi. Jumamosi asubuhi nikajikunja kibarazani nikasugua. Kutu ikatoka, na rangi ya zamani ikatoka nayo, unga wa kahawia ukanijaa mpaka kwenye kope. Kufika saa sita kofia inang'aa kama sufuria ya harusi. Nikajisifu. Kisha nikataka kutoa bitana ya ndani niifue. Bitana yote hiyo inashikwa na skrubu moja tu, ipo utosini. Imegandana kwa kutu. Nikaikaba na bisibisi, nikakaza meno, kichwa cha skrubu kikakatika, na ule msalaba wa mpira unaokaa juu ya kichwa cha mtu ukavunjika mkononi mwangu kama mkate uliolala siku nne.

Hapo ndipo nilipotulia. Nikapiga picha, nikazituma kwa mtu mmoja wa nje anayekusanya vitu vya vita, niliyempata kwenye mtandao. Nilimtumia picha ya mbele na ya pembeni tu. Akanijibu kwa swali: je, nyuma kwenye ukingo ina matundu matatu?

Sasa lazima nikueleze habari ya hayo matundu. Kwetu sisi kofia ile ilikuwa na hadithi, nayo ni kwamba babu alipigwa risasi tatu na zote hazikumpata. Nimeisikia kwa baba, nimeisikia kwa ami, mimi mwenyewe nimeisimulia kijiweni nikiwa nimeshika kofia, kidole kimoja nimekipitisha tunduni. Hakuna aliyewahi kujiuliza risasi gani hizo zinazopiga kwa mstari, zikiachana sawasawa kama vifungo vya kanzu.

Matundu yale ni ya kiwandani. Kofia za mtindo wa Kiingereza zilizotengenezwa Afrika Kusini wakati wa Vita vya Pili zilitobolewa matatu nyuma ya ukingo, pa kufungia kitambaa cha kukinga shingo na jua. Nikageuza ya kwetu, na kwa ndani, mahali ambapo msasa wangu haukufika, nikakuta chapa ndogo ya mshale uliokaa ndani ya herufi U. Ndiyo alama ya serikali ya Muungano wa Afrika Kusini wa enzi hizo. Askari wa Keya na wa Afrika Kusini walikwenda Abisinia pamoja wakitokea Kenya, kwa hiyo wala si ajabu kofia ya kule kuishia kichwani kwa mtu wa Ngamiani. Ningesugua dakika kumi zaidi, nisingelijua hilo mpaka kufa.

Na hata bila matundu, hadithi yetu ilikuwa na kasoro. Kofia hizi hazikutengenezwa kuzuia risasi ya bunduki iliyokuja moja kwa moja. John Brodie, mbunifu wa kofia hizi, alipoisajili ya kwake London mwaka 1915 aliipa umbo la beseni lenye ukingo mpana kwa sababu askari waliokuwa mahandakini Ufaransa walikuwa wakiuawa na vipande vya chuma vya makombora yaliyopasuka juu ya vichwa vyao. Ni kitu cha kuzuia kinachonyesha kutoka juu. Ndiyo maana hata raia walizivaa: London mwaka 1940, mabomu yakidondoka usiku, wasimamizi wa mitaa walitembea na kofia zilizoandikwa W kubwa nyeupe, ya neno Warden, yaani msimamizi.

Basi ushauri wangu wa kwanza: kabla hujagusa chochote, ipige picha kila upande, nyuma na ndani usisahau, na uangalie chini ya bitana kwa tochi. Mwaka, saizi, chapa, jina lililokwaruzwa kwa msumari, vyote hukaa huko. Vumbi liondoe kwa brashi laini iliyo kavu. Pale chuma kilipobaki uchi, paka mafuta ya cherehani kidogo sana kwa kitambaa, kisha futa kama unayeyaondoa. Skrubu ikikataa, iache. Ngozi na turubai usizipake mafuta ya nazi. Najua sisi watu wa pwani mafuta ya nazi ni dawa ya kila kitu, lakini kwenye ngozi kuukuu yanachacha na kuota ukungu. Wala usiifunge kwenye mfuko wa nailoni. Kwa upepo huu wetu wa chumvi, chuma kinatoka jasho humo na kutu inarudi mbio. Rafu kavu, mbali na dirisha la upande wa bahari, inatosha.

Na lile vumbi la msasa silo la kuvuta. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi. Huenda hiyo ndiyo risasi pekee iliyowahi kukaa kwenye kofia ya babu, na mimi ndiye niliyeivuta.

La kununua sasa. Habari zilipoenea kwamba nazitaka kofia hizi, jamaa mmoja alinifuata na ya kwake akasema ni ya Mjerumani, imetoka Ras Kazone, ya vita vya Tanga vya 1914. Bei aliyotaja ningepata mbuzi wawili. Ukiambiwa hivyo, cheka na umkaribishe kahawa. Vita vya Tanga vilipiganwa Novemba 1914, na wakati huo hakuna jeshi lililokuwa limewagawia askari wake kofia ya chuma. Kule Ufaransa zilianza mwaka uliofuata, na ya Kijerumani ilifika vitani 1916, huko Verdun, Ufaransa. Hata meli ya Rubens, iliyopenya mpaka Manza kaskazini ya Tanga mwezi Aprili 1915 na shehena ya bunduki za von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, isingeweza kuwa nazo. Waliopigana mjini hapa walivaa vilemba, kofia za kitambaa na zile kofia nyepesi za jua. Yule jamaa nilimweleza yote haya. Akasema basi ni ya 1915.

Kisha kuna vijana wa bodaboda. Mmoja wa mtaani kwetu aliniomba ya babu avae akikutana na trafiki. Nilimkatalia, na si kwa uchoyo. Helmeti ya pikipiki ina sponji ngumu ndani inayobonyea na kula kishindo kichwa kikigonga lami. Kofia ya vita haina kitu hicho, na ule ukingo wake ukishikwa na upepo unavuta shingo. Waingereza wenyewe waliliona hilo: daktari Hugh Cairns, mmoja wa waliomhudumia T. E. Lawrence, yule Mwingereza maarufu kwa jina la Lawrence wa Arabuni, baada ya ajali yake ya pikipiki ya 1935, aliwachunguza askari waliokuwa wakifa kwenye pikipiki, na mwaka 1941 jeshi likawalazimisha waendeshaji wake kuvaa helmeti maalumu. Walikuwa na kofia za chuma tele, lakini hawakuzitegemea kwa kazi hiyo.

Tena usizunguke nayo mjini kwa mbwembwe. Mwaka 2023 jeshi letu la Tanzania, JWTZ, liliwatangazia raia wasalimishe mavazi yanayofanana na sare zake. Mimi ya kwangu haitoki ndani.

Niliporudi kwa bibi kumwambia habari ya Afrika Kusini, nilikwenda kwa unyonge, nikijua nakwenda kumuulia mumewe hadithi. Nikamwamkia, nikakaa mkekani, nikamweleza kuhusu matundu. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua uso.

"Babu yako hakusema risasi hata siku moja," akasema. "Risasi ni baba yako na ami yako, walipokuwa wadogo. Yeye aliwaacha waseme."

"Na wewe bibi, mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza?" Akapuliza pumba. "Sasa mume wangu, kofia umechukua. Kuku wangu wanywe wapi?"

Nilimnunulia beseni la plastiki, la bluu. Anasema ni jepesi, tetea analipindua.