Kamili mwenye donda ndugu

Swali la wiki hii lilikuwa: "Ni nani aliyebadili kazi akiwa mtu mzima, na maisha yake yanafaa kukumbukwa?" Nahisi wengi watawataja walimu walioingia siasa. Mimi namtaja askari mcheza kamari aliyetimuliwa hospitalini, akarudi humo humo na mwishowe akawa padre wa wagonjwa: Kamili wa Lellis.

Alizaliwa Bucchianico, Italia, tarehe 25 Mei 1550. Baba yake alikuwa askari, na mama alimzaa akiwa na umri mkubwa. Kijana akarefuka kama mlingoti, karibu mita mbili, na kabla ya kutimiza ishirini alishamfuata baba yake kwenda kupigana upande wa Venice dhidi ya Waturuki. Alichotoka nacho miaka ile ni kidonda mguuni kilichokataa kupona mpaka anaingia kaburini. Sisi tungesema donda ndugu. Na kwetu Waswahili jina lake lina utani wake: anaitwa Kamili, na mguu haukukamilika asilani.

Donda ndilo lililomfikisha Roma mwaka 1571, katika hospitali ya San Giacomo, iliyopokea wale walioonekana hawaponi tena. Akatibiwa, akapewa na kazi ya uhudumu. Hakudumu. Karata zilimvuta kuliko zamu, na ugomvi haukumwisha, basi wakamfukuza. Akarudi jeshini. Mwaka 1574, huko Napoli, kamari ikamla kila alichokuwa nacho, inasemekana mpaka shati la mwilini. Askari akawa kibarua wa kuswaga punda penye ujenzi wa nyumba ya watawa Wakapuchini, mjini Manfredonia. Tarehe 2 Februari 1575, akiwa njiani na punda, maneno aliyokuwa ameambiwa na mtawa mmoja yakamwingia. Akashuka, akapiga magoti juu ya mawe, akalia.

Wanaomsimulia Kamili hupenda kukaa sana hapo kwenye machozi. Mimi navutiwa zaidi na yaliyofuata. Alijiunga na Wakapuchini, donda likachimbuka upya, wakamwambia hawamuwezi. Hana pa kwenda, akarudi San Giacomo kuuguzwa, na safari hii akabaki, akapanda hadi kuwa msimamizi wa nyumba nzima. Kutoka kwenye kiti hicho akaona wahudumu wa kulipwa walivyowatupa wagonjwa, maana wengi walifika pale kwa kukosa kazi nyingine. Mwaka 1582 akaanza kukusanya wenzake waliokuwa tayari kuuguza kwa mapenzi. Ili awe padre ilimbidi ajifunze Kilatini, akaketi darasani na vijana wadogo, yeye na urefu ule, nao wakimcheka kwamba amechelewa. Alipata upadre mwaka 1584. Miaka miwili baadaye Papa Sixtus V akalikubali kundi lake na kuwaruhusu kuvaa msalaba mwekundu kifuani, na mwaka 1591 likawa shirika kamili la watawa, lenye nadhiri ya nne juu ya zile tatu za kawaida za watawa: kuwahudumia wagonjwa hata kwa kuhatarisha uhai.

Ujeshi haukumtoka, na kwa maoni yangu ndiyo maana alifaa. Alizoea kukesha, na alijua majeruhi anavyoachwa nyuma kikosi kinaposonga. Mwaka 1595 na tena 1601 watu wake walifuatana na majeshi yaliyokwenda kupigana Hungaria na Kroatia, kazi yao ikiwa kuwahudumia waliojeruhiwa. Kuelekea Krismasi ya 1598, mto Tiber ulipofurika na maji yakakaribia wodi za hospitali ya Santo Spirito, alikuwa miongoni mwa waliowabeba wagonjwa kuwapandisha ghorofani. Yeye mwenyewe alikuwa akichechemea.

Neno lake linalojulikana zaidi aliwaambia wenzake waliokuwa wakiuguza: waweke moyo zaidi kwenye mikono ile. Neno hilo nililielewa kwa marehemu baba. Naye alikuwa na donda ndugu, juu kidogo ya kifundo, kwa miaka tisa. Bandeji iliyokauka ukiivuta kwa haraka inatoka na nyama. Sharti uilowanishe kwa maji ya chumvi, usubiri, uinue ncha moja, ulowanishe tena. Siku nikiwa na haraka baba hakusema kitu, ila vidole vya mguu vilijikunja. Nikiviona vimelegea ndipo nilipojua mkono wangu uko sawa.

Kamili alifariki Roma tarehe 14 Julai 1614. Walimtangaza mtakatifu mwaka 1746, na mwaka 1886 Papa Leo XIII akamfanya mtakatifu msimamizi, yaani mwombezi, wa wagonjwa na hospitali, pamoja na Yohane wa Mungu, ambaye naye, usishangae, aliwahi kuwa askari. Ukifika Karungu, kule Migori, kando ya ziwa, utakuta hospitali ya misheni yenye jina lake.

Kuna jambo jingine linasimuliwa juu yake. Aliogopa kwamba wengine walikuwa wakizikwa wangali hai, kwa hiyo akaagiza mtu akikata roho wasiharakishe kumfunika uso. Waendelee kumwombea kwa robo saa hivi.

Baba alipokata roho, alfajiri, muuguzi wa zamu alikuwa ameshika pindo la shuka. Nikamwambia, "Sista, tusubiri kidogo." Nilidhani ataniona nimechanganyikiwa. Akaliachia shuka, akavuta kistuli kutoka kitanda cha jirani, akakaa nami, wote tukiwa tunaitazama ile bandeji niliyoibadilisha jioni yake.