Utando kwenye waridi: mjue aliyeufuma kabla ya kushika bomba

Kiangazi kikikolea hapa Tabora, wateja wangu wa kitaluni huanza kupiga simu. "Dada, maua yangu yameingiwa na buibui, nipulize nini?" Mimi nami huuliza: utando wenyewe uko sehemu gani?

Ukiwa umetandwa kati ya tawi na tawi, na majani ni mabichi, ni buibui kweli. Mwache, anakula nzi na mbu, mti wako haumhusu. Majani yakiwa yameshonwa pamoja kuwa fundo, ligonge kwa kijiti. Wakimwagika chungu wa rangi ya kahawia wenye hasira, hao ni maji moto, ambao hushona majani kwa hariri ya mabuu yao. Kwenye mwembe ni walinzi wazuri, kasheshe ni siku ya kuchuma tu. Jani moja moja lililokunjwa, ndani lina vinyesi vyeusi, ni la kiwavi: libinye kwa vidole, yameisha.

Anayemaliza waridi, na mpapai pia, ni utitiri, kiumbe mdogo kama chembe ya vumbi anayefyonza majani. Tazama jani kwa juu: utaona vidoti vyeupe na vya njano, kana kwamba limenyunyiziwa sembe. Baadaye linapauka, linakuwa rangi ya shaba, linakauka. Ligeuze. Utando wake ni mwembamba mno, uko kandokando ya mishipa na kwenye kikonyo, umenasa vumbi. Ukiona umefunika hadi vichomozo, ujue wako wengi sana. Kwa uhakika, kung'uta tawi juu ya karatasi nyeupe kisha subiri kidogo. Vumbi litatulia, utitiri utatembea.

Kiumbe huyu ana miguu minane, ni wa ukoo wa buibui na kupe, kwa hiyo dawa nyingi za wadudu hazimfanyi kitu. Jirani yangu alipulizia waridi zake dawa iliyobaki kwenye shamba la tumbaku, ya jamii ya pairethroidi. Haikupita muda, utando ukafika hadi kwenye matumba. Dawa ilikuwa imeua wadudu waliokuwa wakimla utitiri, yeye ikamwacha anajinafasi. Na joto letu la Septemba na Oktoba linamtosha kutoka yai hadi kuzaa ndani ya wiki moja hivi.

Dawa yangu ya kwanza ni maji, wala sitanii. Asubuhi, elekeza mpira chini ya majani, maji yatoke kwa nguvu, urudie kila baada ya siku tatu. Maji yakikatika, tumia bomba la mgongoni, ila liwe halijawahi kubeba dawa ya magugu. Waridi zilizo kando ya barabara ya vumbi ndizo za kuanza nazo, maana utitiri hustawi penye vumbi na ukame. Mwagilia shina vizuri, weka matandazo, na mbolea ya urea ipumzike kwanza: majani laini yaliyonona ndiyo karamu yake.

Wakigoma, changanya kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji. Jaribu kwenye majani machache, kesho yake uangalie kama hayakuungua. Pulizia jioni, chini ya majani hadi yachuruzike, kwa sababu sabuni huua pale inapogusa tu. Mayai hubaki, hivyo rudia baada ya siku tano hadi saba. Mwarobaini nao unafaa: twanga kokwa kavu gramu 50, loweka usiku kucha kwenye lita moja ya maji, chuja, pulizia.

Abamektini, dawa ya kuua utitiri ya duka la pembejeo, ninaiweka mwisho kabisa. Inafanya kazi, lakini ni sumu kali kwa nyuki, na mkoa huu unakula asali na kuiuza. Usipulizie mti wenye maua yaliyochanua, vaa glovu na barakoa, fuata kipimo cha kwenye lebo. Wala usiitumie mfululizo, utitiri huzoea dawa upesi kuliko unavyodhani.

Matawi yaliyokauka yakate, yafunge kwenye mfuko hapo hapo shinani, usiyaburute katikati ya maua mengine. Ukimaliza, badilisha nguo kabla ya kwenda kugusa waridi nzima, maana utitiri hudandia hata kanga.