Uliza Kimetoka kwa Nani: Ushauri kwa Wanaoanza Kununua Sahihi na Kumbukumbu za Muziki na Filamu Mnadani

Mgeni katika minada ya kumbukumbu za muziki na filamu za zamani huanza kwa kuuliza jinsi ya kuitambua sahihi ya kweli. Ni swali la haki, lakini kwa uzoefu wangu wa kununua katika minada ya London na ile inayoendeshwa kwa njia ya intaneti, lipo jingine linalopaswa kulitangulia: kitu hiki kimepita mikononi mwa nani tangu kilipotoka kwa msanii hadi kufika mbele ya mnadi? Anayejibiwa swali hilo kwa nyaraka hubakiwa na kazi nyepesi ya kuikagua sahihi yenyewe. Asiyejibiwa, hata awe na jicho kali kiasi gani, anabahatisha.

Mfano ulio karibu nasi ni mnada wa mali za Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Alipofariki Novemba 1991 alimwachia rafiki yake Mary Austin nyumba ya Garden Lodge iliyoko London, naye akaitunza pamoja na vitu vilivyokuwamo kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kuvikabidhi kwa kampuni ya mnada ya Sotheby's. Mnada ulipofanyika Septemba 2023, bangili ya fedha yenye umbo la nyoka, aliyoivaa katika video ya mwaka 1975 ya wimbo wa "Bohemian Rhapsody", ilikuwa imekadiriwa kati ya paundi 7,000 na 9,000, ikanunuliwa kwa paundi 698,500. Mswada wa maneno ya wimbo huo, ulioandikwa kwa mkono wake, ulifika paundi milioni 1.38. Jina la msanii lilikuwa na nguvu yake, na mapenzi ya mashabiki yalikuwa na nguvu yake, lakini wanunuzi hawakusita kupandishiana dau kwa sababu hapakuwa na pengo lolote kati ya mkono wa Mercury na meza ya mnadi. Bangili ileile, kama ingeletwa na mtu anayesimulia kwamba mjomba wake alizawadiwa nyuma ya jukwaa, bila picha wala barua ya kuthibitisha, isingestahili hata yale makadirio ya chini.

Masimulizi ya aina hiyo utayakuta katika katalogi nyingi, nawe jizoeze kuyasoma kama madai yanayosubiri ushahidi. Mtumishi wa hoteli, dereva wa teksi, fundi wa mitambo ya sauti na jirani wa zamani ni watu ambao kweli walikutana na wasanii, na baadhi ya vitu bora nilivyowahi kuviona vimetoka kwao. Tofauti iko katika kile kinachoandamana na simulizi: picha ya siku ile yenye tarehe nyuma yake, tiketi ya onyesho, barua ya mwajiri, risiti ya mnada wa awali, au ukurasa wa katalogi ya zamani unaoonyesha kitu hichohicho chenye kovu lilelile pembeni. Waandikie wauzaji na uombe nakala za nyaraka hizo kabla ya siku ya mnada. Kampuni makini hujibu, na aghalabu huongeza taarifa ambazo hazikuingia katika katalogi kwa kukosa nafasi. Ile inayokwepa swali la wazi mara mbili, iache na fungu lake, yaani kile kitu inachokinadi.

Cheti cha uhalisi kinachofungwa pamoja na sahihi kina uzito wa yule aliyekitoa, hakina uzito wa peke yake. Mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapia anaweza kukitengeneza. Nchini Marekani, uchunguzi wa FBI ulioitwa Operation Bullpen, ambao upekuzi wake mkubwa ulifanyika Oktoba 1999, ulifichua mtandao ulioghushi sahihi za wanamichezo na watu wengine maarufu, na vyeti vilikuwa sehemu ya biashara hiyo kama zilivyokuwa kalamu. Ukiona cheti, tafuta jina la mtoaji, uliza amebobea katika msanii gani, na uulize kama yuko tayari kurudisha fedha iwapo mtaalamu mwingine atapinga maoni yake.

Hapa inafaa kukaa kidogo juu ya jambo linalowachanganya wengi wanaoanza, nalo ni kwamba sahihi inaweza isiwe ya msanii na bado isiwe imeghushiwa kwa nia ya kuuza. Studio za Hollywood za miaka ya 1930 na 1940 zilipokea barua za mashabiki kwa magunia, na makatibu waliajiriwa kutia sahihi picha zilizotumwa kwa posta. Picha nyingi zenye jina la mwigizaji Jean Harlow, aliyefariki mwaka 1937 akiwa na umri wa miaka 26, zilitiwa sahihi na mama yake mzazi. Wanamuziki wanne wa bendi ya The Beatles walipozidiwa na maombi ya mashabiki katika miaka ya 1960, wasaidizi wao wa safari, Neil Aspinall na Mal Evans, waliandika majina yote manne kwa ustadi uliowaridhisha waliopokea. Picha au daftari la namna hiyo linaweza kuwa na historia safi kabisa, limetunzwa na familia moja tangu siku lilipofika, na mwenye mali akaapa kwa ukweli wote kwamba lilitoka kwa wanamuziki wenyewe. Kwa hiyo historia ya umiliki ifuatilie mpaka kwenye chanzo chake, na uulize kama kuna aliyemwona msanii akiandika.

Mashine nazo zina sehemu yake. Ipo mitambo inayoshika kalamu na kuandika jina la mtu kwa kufuata kielelezo, nayo imetumika katika ofisi za wanasiasa na wasanii kwa miongo mingi. Novemba 2022 mchapishaji wa mwanamuziki Bob Dylan alilazimika kuwarudishia fedha wanunuzi waliolipa dola 599 kwa kitabu kilichotangazwa kuwa kimetiwa sahihi kwa mkono, baada ya mashabiki kulinganisha nakala zao na kuona mistari inalingana mno. Dylan mwenyewe aliomba radhi. Jifunze kwa mashabiki wale. Mkono wa binadamu haurudii jina lake sawasawa mara mbili, na sahihi mbili zinazolala moja juu ya nyingine bila kupishana hata kidogo zimetoka kwenye chombo. Sahihi iliyochapwa pamoja na picha yenyewe ni rahisi zaidi kuigundua, maana kioo cha kukuzia huonyesha nukta za uchapaji pale ulipopaswa kuona wino ulioketi juu ya karatasi.

Kipimo kinachomsaidia mgeni kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji jicho la mtaalamu, ni tarehe. Bob Marley alifariki Mei 1981, na mkusanyiko wa nyimbo zake uitwao Legend ulitolewa mwaka 1984. Jalada la santuri hiyo lenye sahihi yake haliwezi kuwa la kweli, hata liambatane na vyeti kumi. Kalamu ya bolpeni ilianza kuuzwa madukani New York Oktoba 1945, hivyo jina la Harlow lililoandikwa kwa bolpeni linajikanusha lenyewe. Makapeni ya Sharpie iliingia sokoni mwaka 1964, ilhali mwigizaji James Dean alikufa ajalini Septemba 1955. Karatasi pia ina umri wake: viwanda vilianza kutia kwa wingi kemikali za kung'arisha weupe baada ya Vita Kuu ya Pili, na karatasi yenye kemikali hizo hung'aa rangi ya buluu chini ya taa ndogo ya urujuanimno. Kadi inayodaiwa kuwa ya mwaka 1939 iking'aa hivyo, una sababu ya kutosha ya kutoinunua. Kwa santuri, soma namba ya katalogi na anwani ya kampuni nyuma ya jalada, kwa kuwa jalada la toleo la baadaye hutumiwa sana na waghushi kwa sababu ni la bei nafuu na linapatikana kwa urahisi.

Ukishapita hapo ndipo uangalie mwandiko. Kusanya vielelezo vya msanii mmoja vya vipindi tofauti, kutoka kwenye mikataba na barua zilizochapishwa katika katalogi za minada mikubwa, maana sahihi ya mtu wa miaka 20 aliyefurahia umaarufu mpya hutofautiana na ya mtu wa miaka 50 anayesukumwa mlangoni mwa hoteli. Angalia mwendo kabla ya umbo. Mwenye jina huandika upesi, mstari wake hupungua unene anapouinua mkono, na mara nyingi herufi za mwisho huporomoka. Mghushi hulenga umbo, kwa hiyo mstari wake hutetemeka, husimama mahali pasipostahili, na huishia kwa butu. Nawashauri pia msiyadharau maandishi ya kumtaja mtu, kama vile maneno ya heri kwa jina la shabiki fulani. Soko huyapunguzia bei, lakini mghushi huyaogopa kwa kuwa yanamlazimisha kuandika herufi nyingi zaidi kwa mwandiko usio wake. Kwa anayenunua ili kubaki na kitu cha kweli, hilo ni punguzo jema. Ndivyo ilivyo pia kwa hundi zilizolipwa na benki, mikataba ya studio na kurasa za madaftari ya sahihi ya watoto wa zamani, ambavyo havina mvuto wa picha kubwa ya ukutani lakini hubeba ushahidi wake vyenyewe.

Mabango ya filamu yana kanuni zake, nami nitayagusa kwa ufupi. Bango la kawaida la Marekani la katikati ya karne ya 20 lilikuwa na takriban inchi 27 kwa 41, lilisambazwa likiwa limekunjwa, na tangu miaka ya 1940 hadi ya 1980 mara nyingi lilichapwa pembeni namba ya National Screen Service, shirika lililosambaza mabango hayo, inayoanza na tarakimu mbili za mwaka. Herufi R mbele yake humaanisha filamu ilikuwa ikirudishwa tena katika majumba ya sinema. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ningependekeza mahali pa kuanzia: matangazo ya Mogambo ya mwaka 1953 na Hatari! ya mwaka 1962, filamu ambazo sehemu zake zilipigwa katika nchi zetu, ya pili ikiwa na John Wayne katika Tanganyika. Kadi zake za inchi 11 kwa 14, zilizobandikwa katika kumbi za sinema, hujitokeza mara kwa mara katika minada midogo, na zinakufundisha kusoma karatasi, mikunjo na marekebisho ya rangi kabla hujahatarisha fedha nyingi kwenye sahihi.

Kuhusu fedha, soma masharti ya mauzo hadi mwisho. Bei inayotajwa nyundo inapogonga sio utakayolipa. Viatu vyekundu alivyovaa mwigizaji Judy Garland katika filamu ya The Wizard of Oz vilipouzwa na kampuni ya Heritage Auctions Desemba 2024, nyundo iligonga kwenye dola milioni 28, na pamoja na ada ya mnunuzi, ambayo kampuni ya mnada huongeza juu ya bei ya nyundo, malipo yakafika milioni 32.5. Kwa kiwango chetu, chukua fungu la paundi 1,000 nchini Uingereza lenye ada ya asilimia 25: unafika paundi 1,250, na ikiwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 inatozwa juu ya ada hiyo, unalipa 1,300 kabla ya bima, usafirishaji na ushuru wa forodha wa nchi kitakakopelekwa. Muulize wakala wa forodha wa Dar es Salaam au Mombasa mapema, kisha rudi nyuma kutoka jumla unayoimudu hadi kwenye dau lako la juu kabisa, uliandike, na uliwasilishe kwa maandishi ikiwa unajijua kuwa msisimko wa ukumbi hukushinda.

Viatu hivyo vina funzo la pili. Viliibwa mwaka 2005 katika jumba la makumbusho la Judy Garland huko Grand Rapids, Minnesota, vikapatikana na FBI mwaka 2018. Sahihi inaweza kuwa ya kweli kabisa na mali ikawa ya wizi, na mnunuzi asiye na hatia akanyang'anywa. Kwa kitu cha thamani kubwa, uliza kama kampuni ya mnada imekipitisha katika rejista ya vitu vilivyopotea, kama ile ya Art Loss Register, na uliza dhamana ya uhalisi inadumu muda gani na inarudisha nini. Masharti ya minada hutofautiana mno katika jambo hili.

Kitu kikishafika nyumbani, adui ni mwanga na unyevu. Wino wa makapeni hufifia haraka ukipigwa na jua la dirishani, na hewa ya pwani yetu huotesha kuvu kwenye karatasi iliyofungiwa bila nafasi ya kupumua. Tumia mifuko ya poliesta na kadibodi isiyo na asidi, epuka plastiki ya PVC, usilaminishe wala kugusisha gundi ya selotepu, na usiweke fremu inayoikandamiza sahihi kwenye kioo. Ankara, katalogi, barua zote ulizoandikiana na muuzaji na picha za pande zote mbili za kitu ziweke katika jalada moja, nakala yake ya kidijitali ikiwa mahali pengine, na uwaonyeshe warithi wako lilipo jalada hilo, kwa sababu atakayenunua kutoka kwao ataanza kwa kuuliza kitu kimetoka kwa nani.