Maswali ya Wasomaji: Nimerudi Likizo Nikiwa Nimechoka Zaidi

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mhasibu katika kampuni binafsi jijini Dar es Salaam, nina umri wa miaka 38 na nimeolewa Rombo. Kila Desemba huchukua siku zangu zote za likizo kwa mkupuo, tukaenda huko kwa wakwe "kuhesabiwa" kama watani wetu wanavyosema. Safari iliyopita nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha moto, kwa sababu watu wa kula hapo nyumbani hawakupungua ishirini, na sufuria la ndizi la mchana lilikuwa halijaoshwa bado wageni wa jioni wanabisha hodi. Katikati ya hayo simu za ofisini hazikukoma, maana ni mwezi wa kufunga hesabu. Nilirejea kazini Jumatatu, na ilipofika Ijumaa nilikuwa kama mtu ambaye hajatoka kwenye kiti chake mwaka mzima. Mume wangu anasema yeye alipumzika sana. Je, likizo ina faida yoyote, au ni mazoea tu ya kumaliza akiba? – Mama Wawili, Tabata.

JIBU: Dada yangu, Ijumaa hiyo unayoisimulia imewahi kupimwa. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya watafiti wa Uholanzi waliofuatilia wafanyakazi 54 waliokwenda likizo ndefu ya wastani wa siku 23, wakawauliza hali zao kabla ya kuondoka, wakiwa huko na baada ya kurudi. Afya na furaha yao ilipanda haraka mara tu walipoacha kazi, ikafika kileleni karibu siku ya nane, kisha ikarudi ilipokuwa mwanzo ndani ya wiki ya kwanza ya kurejea kazini. Miaka mitatu kabla yake, utafiti mwingine wa nchini humo uliohusisha watu wazima 1,530, ambao 974 kati yao walisafiri, ulionyesha kwamba wasafiri walikuwa na furaha kuliko wenzao hata kabla hawajaondoka, pengine kwa ajili ya kuisubiri safari yenyewe, lakini waliporudi hawakuwapita tena waliobaki nyumbani. Walioendelea kuwa na nafuu kwa muda ni wale tu waliosema likizo yao ilikuwa ya utulivu mkubwa.

Sioni kwamba hii ni sababu ya kuiona likizo kuwa hasara. Anayekula leo na kuona njaa kesho hasemi kwamba chakula kilimdanganya. Kinachofuata kutoka kwenye namba hizo ni kwamba pumziko haliwekwi ghalani, na kwa hiyo anayelisubiri mara moja kwa mwaka anakaa na njaa miezi kumi na moja. Kama siku ya nane ndiyo kilele, hizo zinazobaki huenda zingekufaa zaidi mwezi wa Mei au Agosti.

Lakini sidhani kwamba tatizo lako ni hesabu ya siku. Mwaka 2007 Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz, wataalamu wa saikolojia ya kazi, walitaja mambo manne yanayomrudishia mtu nguvu baada ya kazi: fikra kuachana na kazi yenyewe, mwili kutulia, kujifunza au kumudu jambo lililo tofauti na kazi ya kila siku, na kuwa na amri juu ya muda wako. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta saa moja uliyoipanga wewe mwenyewe, na sikuiona. Asubuhi ilikuwa ya jiko, mchana ulikuwa wa simu, jioni ilikuwa ya wageni. Mume wako hasemi uongo: yeye aliamka alipotaka, akatembelea ndugu, akarudi chakula kikiwa mezani. Mlikuwa katika nyumba moja kwa tarehe zile zile, ila ndani yake mlikuwa na likizo moja tu, nayo ilikuwa yake.

Sikwambii uache kwenda Rombo. Mimi pia ni mkwe wa watu, tena wa mbali kuliko wewe, na ninajua mke asiyeonekana jikoni Krismasi anavyozungumzwa hadi Pasaka. Ninachokushauri ni kuzungumza na mume wako kabla ya kukata tiketi, si mkiwa njiani. Mkubaliane kwamba katika gharama za safari mtaweka, pamoja na mashemeji, fedha ya kuwalipa akina mama wa hapo kijijini wapike siku zile zenye watu wengi. Mara nyingi fedha hiyo haifikii hata nusu ya ile inayokwenda kwenye vinywaji. Mkubaliane pia siku mbili au tatu za kupita mahali pengine, hata kama ni kwa rafiki yako wa shule pale Moshi, ambako hakuna anayekuita mkwe.

Kuhusu ofisi, mhasibu anayeondoka Desemba amejiitia simu mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka, na inamkataza mwajiri kukufanyisha kazi ukiwa likizo. Hata hivyo, inamruhusu yeye kuamua zitachukuliwa lini, kwa hiyo kuzigawa ni jambo la kukubaliana naye. Omba siku kumi hivi za Desemba na zilizobaki baada ya hesabu kufungwa, kisha mwachie mwenzako mmoja kazi kwa maandishi, jina lake likijulikana kwa wote, ili simu ziwe na pa kwenda.

SWALI: Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza. Sina mwajiri, na siku nisiyofungua kibanda ni siku ya njaa. Haya mambo ya likizo yananihusu nini? – Fundi, Mabatini.

JIBU: Yanakuhusu, fundi, ingawa siku 28 hakuna wa kukupa. Watafiti wa Marekani waliwahi kuwaambia baadhi ya wafanyakazi waichukulie mwisho wa wiki moja ya kawaida kana kwamba wako likizo, na wengine waipitishe kama kawaida yao. Jumatatu wale wa kwanza walirudi wakiwa na furaha zaidi. Walikuwa wamepunguza kidogo kazi za nyumbani, lakini kilichoonekana kuwasaidia hasa ni kwamba akili yao ilikuwa pale walipokuwa, haikukimbilia ya kesho.

Kwa hiyo chagua nusu siku ambayo wateja ni wachache. Wewe ndiye unayejua kama ni Jumapili alasiri au Jumanne asubuhi. Katika nusu siku hiyo usipeleke gauni la mtu nyumbani "nimalizie upindo tu." Funika cherehani, funga kibanda, na huyo anayepiga simu kuulizia sare ya mtoto mwambie aje kesho saa tatu.