Mtoto wa jicho: mama asisubiri akomae, na nyuma ya jicho itazamwe kwanza

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Mama ana miaka 58, jicho la kulia limejaa ukungu, jirani kamwambia ni mtoto wa jicho na asubiri akomae ndipo apasuliwe, na mtu mwingine kampa chupa ya matone ya "kumyeyusha". Unauliza kama asubiri, na kama matone yanasaidia. Nitajibu yote mawili, ila kuna la tatu ambalo hukuliuliza, na hilo ndilo limenifanya nikae niandike kirefu. Baba yangu alipoteza jicho kwa hilo.

Matone kwanza. Hakuna tone linaloyeyusha mtoto wa jicho. Wengi wanadhani ni utando uliotanda juu ya jicho, lakini ni lenzi yenyewe, iliyo ndani nyuma ya mboni, ndiyo imepoteza uangavu wake. Ni kama ute wa yai: ukiwa mbichi unapitisha mwanga, ukishaiva umekuwa mweupe na haurudi ulivyokuwa. Sasa soma jina kwenye chupa ya mama. Ukiona deksamethazoni au prednisoloni, hiyo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Daktari akiitoa kwa sababu maalumu na kufuatilia ni dawa nzuri sana. Ikitumika miezi na miezi bila kupimwa, inaweza kupandisha presha ya jicho, yaani msukumo wa maji yaliyo ndani yake, na yenyewe huweza kuleta mtoto wa jicho. Asiendelee kuyatia kwa kukisia, na chupa muende nayo.

Kusubiri akomae ni ushauri wa enzi za zamani, upasuaji ulipokuwa unafanywa kwa namna nyingine. Siku hizi lenzi iliyochafuka hutolewa na ya bandia huwekwa mahali pake, na muda wa kufanya hivyo ni pale ukungu unapomzuia mtu kufanya shughuli zake. Lenzi ikiachwa ikawa ngumu kama jiwe, inampa mpasuaji kazi zaidi, na nyingine huvimba zikafunga njia ya maji ya jicho hadi presha ikaruka ghafla.

Sasa la tatu.

Baba alikuwa na miaka 66. Alianza kwa kulalamika kwamba taa zinamtawanyikia usiku, baadaye akashindwa kusoma. Tuliambiwa vilevile: mtoto wa jicho, subirini. Tukasubiri karibu miaka miwili. Katika muda huo kuna mambo tuliyaona na hatukuyaelewa. Alikuwa akigonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango. Ukimwekea kikombe pembeni anakipindua, ukikiweka mbele yake anakishika bila shida. Mtoto wa jicho hafanyi hivyo. Yeye hutia ukungu kote, kama kioo kilichopulizwa pumzi. Kinachokula pembeni na kuacha katikati hadi mwisho ni glakoma, ile tunayoiita presha ya macho.

Tulipompeleka hatimaye, daktari alizima taa akachukua tochi ndogo. Akamulika jicho la kulia, mboni ikajibana. Akaihamishia tochi haraka kwenye jicho la kushoto. Nilikuwa nimesimama karibu na niliona mwenyewe: mboni ile haikujibana, ilipanuka huku mwanga ukiwa umeielekea. Akarudia mara tatu, ikawa hivyo hivyo. Akanieleza kwamba mtoto wa jicho, hata awe mweupe kiasi gani, hazuii mboni kujibana. Ikipanuka vile, tatizo liko nyuma, kwenye neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Alipopima presha ya jicho lile ilikuwa 38. Ya kawaida huwa kati ya 10 na 21.

Alishushiwa presha kwanza, kisha macho yote mawili yakapasuliwa kwa nyakati tofauti. La kulia lilirudi kusoma. La kushoto upasuaji wake haukuwa na kasoro yoyote, lenzi ilikaa sawasawa, na bado haoni isipokuwa vivuli. Kilichokufa kwenye neva hakirudishwi na dawa wala kisu. Tiba ya glakoma hulinda kilichobaki tu. Ile miaka miwili ya kusubiri bado inaniuma.

Kwa hiyo mama akienda, kusoma herufi za ubaoni na kumulikwa kidogo hakutoshi. Muombe daktari apime presha ya macho yote mawili, aangalie mboni kwa tochi, atie dawa ya kupanua mboni na atazame neva na retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Dawa hiyo hufanya kila kitu kiwe na ukungu na mwanga uchome kwa saa kadhaa, hivyo asiende peke yake na asiendeshe gari. Kama ukungu ni mzito kiasi kwamba nyuma haionekani, yapo mawimbi ya sauti ya kutazama hali ya retina. Akiwa na kisukari mseme mapema, maana kisukari huharibu mishipa midogo ya retina bila maumivu, na uharibifu huo una tiba yake ya leza au sindano za ndani ya jicho.

Mimi daktari yule aliniita pia, pamoja na ndugu zangu, kwa sababu watoto na ndugu wa tumbo moja wa mwenye glakoma wana hatari kubwa kuliko watu wengine. Nilikuwa na miaka 41, nasoma mstari wa chini kabisa, siumwi chochote. Presha 27 na 26. Nikawekwa kwenye mashine ya kupima upana wa kuona: unaegemeza kidevu, unafunikwa jicho moja, unakodolea nukta ya katikati, na kila ukiona kimwanga pembeni unabonyeza kitufe. Vimwanga vingi sikuviona, nikatoka nikitetemeka. Kumbe mashine hufifisha mwanga makusudi hadi ipate mahali unaposhindwa, na hata mwenye macho mazima hukosa karibu nusu. Mama akipimwa hivyo mwambie mapema asije akaogopa.

Natumia latanoprosti, dawa ya kushusha presha ya jicho, tone moja kila usiku, mwaka wa tisa huu. Timololi, dawa nyingine ya kazi hiyo, sikupewa kwa kuwa nina pumu, na timololi hubana kifua hata ikitiwa jichoni. Hili watu hawalijui: dawa ya jicho hupita kwenye tundu la machozi ikaingia puani na mwilini. Ndiyo maana ukishatia tone unafumba jicho na kubonyeza kona ya karibu na pua kwa dakika moja au mbili, na kama kuna dawa ya pili unasubiri dakika tano. Nywele za kope zangu zimerefuka kwa latanoprosti, vinginevyo sina shida. Upana wangu wa kuona haujapungua tangu nianze.

Mama akipatikana ni mtoto wa jicho peke yake, ondoa hofu kabisa. Jicho hutiwa ganzi, anakuwa macho, na kazi yenyewe mara nyingi haifiki nusu saa. Kabla ya hapo hupimwa urefu wa jicho ili ijulikane lenzi ya nguvu gani imfae. Akishapasuliwa asilifikiche wala asiache katikati matone atakayopewa na daktari. Jicho likianza kuuma, kuwa jekundu na kuona kupungua, arudi siku hiyo hiyo, hata kama miadi ni wiki ijayo. Vilevile akiona vimwanga vinamulika kama radi au pazia linashuka upande mmoja, huenda ni retina inaachia, ni ya kukimbia nayo.

Nenda na miwani yake ya zamani, chupa zote za matone, na orodha ya dawa anazomeza. Na wewe ukiwa pale, kaa kwenye kile kiti upimwe presha. Majibu yakitoka andika hapa namba za macho yote mawili na alichosema daktari kuhusu neva, nitakusaidia kuzisoma.